Safu ya Ngoma

Saa tisa na dakika ishirini alasiri, siku ya Jumamosi, wimbo wa mama ulianza kujikokota. Naijua saa hiyo kwa sababu saa ya ukutani ya dukani ilikuwa imefunikwa kwa kitambaa ili mlio wake usiingie kwenye kanda, na mama, aliyetaka kuwahi nyumbani kupika, alikuwa ameinua ncha ya kitambaa akachungulia. Alipoishusha, mimi nikabonyeza kitufe, muziki ukaanza, na haukuwa muziki wetu. Ulikuwa na noti zetu zote, kwa mpangilio wetu uleule, lakini ulitembea kama mtu anayetoka kuumwa.

Mambo haya sikuwa nimeyafikiria kwa muda mrefu. Yamerudi mwaka huu, baada ya kumzika baba. Tulipofungua sanduku lake la bati, chini kabisa, chini ya koti la harusi, tulikuta kanda moja na diski moja nyeusi ya mraba, vimefungwa pamoja kwa mpira wa ndani wa baiskeli. Sanduku lilinuka dawa ya nondo. Harufu hiyo kwangu ni ya chumba cha nyuma cha duka la Baba Nizar pale Shinyanga mjini, kulikokuwa na majora ya vitambaa mpaka darini na magodoro yaliyoegemezwa ukutani kuzuia kelele za barabarani.

Nilikuwa darasa la tano. Baba Nizar aliuza vitambaa na redio, kama baba yake alivyofanya kabla yake, na alisema Kisukuma cha sokoni vizuri kuliko Wasukuma wengi wa mjini. Mwanawe, Nizar, alikuwa amemaliza shule na alikuwa na kitu ambacho wengi wetu tulikuwa tumekiona kwenye picha tu: kompyuta. Ndani yake kulikuwa na programu ya kupangia muziki. Skrini ilikuwa nyeusi, ina safu nne za herufi na tarakimu zilizosimama bega kwa bega, na wimbo ulipopigwa mistari ile ilipanda juu bila kusimama. Safu ya kwanza ilikuwa ya besi. Ya pili na ya tatu, kinanda. Ya nne ilikuwa ya ngoma, na ngoma yenyewe ilikuwa ya baba yangu.

Hapo lazima nieleze vizuri. Baba alikuwa mpigaji wa bugobogobo, ile ngoma inayopigwa shambani watu wakilima kwa pamoja, majembe yakipanda na kushuka kwa kuifuata. Kabla hajaenda Nyarugusu kutafuta dhahabu, Nizar alimwita dukani, akamwekea maikrofoni mbele, akamwambia apige pigo moja zito na moja jepesi. Baba alicheka, akapiga, akanywa soda akaenda zake. Mapigo hayo mawili Nizar aliyaingiza kwenye kompyuta, akayapanga kwenye safu ya nne. Kwa hiyo, wakati baba yuko mbali, sisi tulikuwa naye mle ndani. Mimi sikulichukulia hilo kama namna ya kusema tu. Niliamini kuna sehemu yake mle.

Wimbo aliutunga mama, akipalilia pamba, juu ya mapigo hayohayo ya baba. Hakuwahi kutunga wimbo mwingine. Maneno yake yalikuwa marefu, mstari mzima kwa pumzi moja, na yalikaa sawa kwa mwendo wa jembe tu. Kwaya ya mtaani kwetu iliupenda, na ilikuwa iupeleke kwenye mkutano wa kwaya Kahama pamoja na kanda zake za kuuza. Mama alikuwa ameuza choroko zake na kuweka pembeni fedha za kunakilisha kanda hizo. Wazee wa kanisa walikubali kila kitu, hata kinanda cha kompyuta, isipokuwa ngoma. Walisema kila mtu anaijua ngoma ile ilikotoka, kwenye mashindano ya mbina, ngoma za jadi za Wasukuma, ambako watu hujipaka dawa ili wenzao washindwe. Iondolewe, au wimbo ubaki nyumbani.

Nizar alisema hilo ni jambo dogo. Katika programu ile ungeweza kuifunga safu moja, ikanyamaza, na nyingine zikaendelea. Kazi ya kufunga alinipa mimi, kwa sababu yeye alishughulika na mashine ya kanda na mama aliimba. Palikuwa na kitufe kimoja cha kuanzisha wimbo na kingine cha kufunga safu ya ngoma. Ijumaa tulijaribu. Wimbo uliachwa uanze na ngoma yake, kisha katikati ya ubeti wa kwanza Nizar akanipa ishara, nikafunga. Ngoma ilikatika, na besi na kinanda vikaendelea kwa mwendo uleule bila kutetereka. Mama alipiga makofi. Nizar alisema kesho tutafunga kabla ya kuanza, tuurekodi mzima, na Jumatatu yeye asafiri kwa amani. Maana Jumatatu alikuwa anakwenda chuo Dar es Salaam, na kompyuta ilikuwa inakwenda naye.

Kwa hiyo Jumamosi nilifunga kabla ya kuanza, na wimbo ukajikokota.

Waimbaji walikuwa watano pamoja na mama. Walipoingia kwenye mstari wa kwanza pumzi ziliwaishia kabla ya neno la mwisho, wakatazamana. Nizar alisimamisha mashine, akaomba radhi, akasema ni umeme, umeme wa mchana ni mdogo. Tukangoja kidogo. Tukaanza tena. Ukawa uleule. Akasema labda ni mashine ya kanda, akaichomoa kabisa tukasikiliza kompyuta peke yake. Uleule. Akaniambia nifungue ngoma. Nikafungua, tukaanza mwanzo, na wimbo ukatoka mbio, mzima, kama alivyoutunga mama. Nikafunga, tukaanza mwanzo. Ukalegea.

Nizar hakuwa mjinga. Alijua kupanga noti kuliko mtu yeyote niliyemfahamu wakati ule. Lakini wimbo wetu hakuuanza kutoka patupu. Alichukua wimbo uliokuwa tayari, wa rafiki yake wa shule, akafuta noti zake akapanga zetu, na mwendo ukabaki kama rafiki alivyouweka. Aliuweka wapi, Nizar hakujua, na kitabu cha maelekezo hakuwa nacho. Alibonyeza kila alichoweza kubonyeza. Shati lake lilikuwa limelowa mgongoni, kwa sababu feni ilizimwa isisikike. Baba yake alileta chai, akasikiliza kidogo akiwa amesimama mlangoni.

"Mashine imetoka Ulaya," alisema, "lakini ikifika saa tisa inachoka kama karani."

Wanawake walicheka. Mama hakucheka. Alikuwa anaitazama ile skrini kama anavyotazama mgonjwa. Sesilia, aliyeimba sauti ya pili, alishauri waimbe polepole tu, Mungu hana haraka. Wakajaribu. Mama aliishiwa pumzi kila mstari, na kila alipoishiwa alionekana kama yeye ndiye anayekosea. Hilo ndilo linalonikera mpaka leo. Kosa lilikuwa tarakimu mbili kwenye skrini, na aliyekuwa anaomba msamaha kwa wenzake alikuwa mama.

Mimi, kwa upande wangu, nilikuwa nafikiri. Nilikuwa nimewaona watu wakilima. Mpigaji akinyamaza ili akaipashe ngozi ya ngoma motoni, majembe huendelea kidogo kwa nguvu aliyoiacha, kisha hulegea. Nikaona ndicho kinachotokea mle ndani. Lakini mbona Ijumaa, nilipomfunga baba, wimbo haukulegea? Nililinganisha. Kompyuta ileile, wimbo uleule, kitufe kilekile, kidole changu kilekile. Kilichobadilika ni siku tu. Basi tatizo halikuwa kwenye mashine. Ijumaa baba alikuwa na nguvu. Jumamosi hana.

Najivunia kidogo hoja ile hata sasa, ingawa ilitugharimu. Nilikuwa nimefanya majaribio mawili na nimetafuta tofauti, kama inavyotakiwa. Nilichokosa kukiona ni kwamba Ijumaa wimbo ulianza ngoma ikiwa wazi, na Jumamosi ulianza ngoma ikiwa imefungwa. Tofauti hiyo ilikuwa mbele yangu, na ni mimi niliyekuwa nabonyeza.

Nikasema, "Mama, baba anaumwa."

Mama aliuliza nani kaniambia.

"Jana nilimfunga wimbo ukaenda. Leo nimemfunga umelegea. Leo hana nguvu ya kuusukuma."

Ili mtu aelewe kwa nini hakuna aliyenikemea, ajue kwamba baba alikuwa na kawaida ya kutuma salamu kwa madereva wa magari ya mizigo, na salamu hizo zilikuwa zimekatika tangu mavuno ya pamba. Ajue pia kwamba wiki ile sokoni palisemwa habari ya shimo lililotitia huko migodini, bila mtu kujua ni mgodi upi wala nani alikuwemo. Mama alikuwa ameibeba habari hiyo siku zote bila kuitaja. Mimi niliitaja kwa niaba yake, mbele ya watu, nikiwa na ushahidi.

Sesilia alisema taratibu kwamba sisi ni watu wa kanisa na mambo hayo tumeyaacha. Mama alikubali kwamba tumeyaacha. Kisha akamwambia Nizar wapumzike, atamjulisha. Nizar akamkumbusha kwamba kesho Jumapili ndiyo siku pekee iliyobaki, na kwamba yeye angekuwepo tangu asubuhi, angeendelea kutafuta.

"Tafuta tu, mwanangu," mama alisema. "Mimi kuna mahali naenda."

Nyumbani alisema anakwenda kwa baba, Nyarugusu, kudai fedha za matumizi. Hakusema zaidi. Alfajiri alifungua fundo la kanga lililokuwa na fedha za kunakilisha kanda, na tukapanda basi, mimi nikiwa pamoja naye kwa sababu, nadhani, hakutaka kuwa peke yake kama habari ingekuwa mbaya. Tulipita Kahama, mji ambao wimbo wake ulitakiwa kuimbwa. Tulipita Ushirombo. Katoro tulishuka tukatafuta gari lingine, tukapakiwa juu ya magunia ya unga kwenye pikapu mpaka Nyarugusu, na vumbi jekundu likatuingia mpaka kwenye meno. Njia nzima mama aliimba wimbo wake kwa sauti ndogo, kwa mwendo wake wa kweli. Nilijua anauangalia kama bado upo sawa.

Nyarugusu niliisikia kabla ya kuiona. Wanawake waliketi kwenye vivuli vya turubai wakiponda mawe kwa nyundo, kila mmoja kwa mwendo wake, bila mtu wa kuwapigia. Mama aliuliza huku na huko, akitaja jina la baba na la kijiji chake. Kila mtu alipojibu kwamba hamjui, nilimtazama mama usoni. Mwishowe kijana mmoja akatupeleka kwenye duara, ndivyo wanavyoita shimo lao, na pembeni ya duara hilo, akiwa ameketi juu ya ndoo, akila muhogo wa kuchemsha, alikuwa baba. Alikuwa mzima kabisa. Alikuwa hata amenenepa.

Nilimwamkia. Aliitikia marahaba huku akimtazama mama.

"Nani kafa?" aliuliza.

"Hakuna."

"Sasa mmefuata nini?"

Mama alikuwa na jibu lake tayari, la fedha za matumizi, lakini alipoliona lile duara na wale wanaume waliokuwa wanapanda kutoka ndani yake wakiwa weupe kwa vumbi, jibu hilo lilimtoka akilini. Akasema ukweli. Tulifunga ngoma yako kwenye mashine ya Nizar, wimbo ukalegea, mtoto akasema unaumwa.

Wale wanaume walicheka mpaka mmoja akaketi chini. "Mayu," alimwambia mama, akimwita mama kwa Kisukuma, "ukirudi waambie wafunge na ya kwangu, mke wangu naye aje."

Baba alicheka pia, kisha akaacha kabla ya wenzake. Alisema kama angefukiwa, mama angepelekewa habari na watu, si na kompyuta. Alisema salamu alizituma, dereva ndiye aliyebadilishiwa njia. Halafu akauliza kwa sauti nyingine, ya chini, mlinifunga kwa nini. Mama akamweleza kuhusu wazee wa kanisa. Baba akamalizia muhogo wake. Alitupatia fedha alizokuwa nazo, na hazikutosha hata nauli ya kurudi ya sisi wawili, kwa hiyo mama aliongeza kutoka kwenye fundo la kanga.

Tulifika Shinyanga Jumanne. Nizar alikuwa ameondoka na kompyuta yake. Baba Nizar alimpa mama kifurushi: kanda na diski. Mwanawe alikuwa ameshinda Jumapili nzima mbele ya ile mashine bila kupata jibu, na alichoweza kuacha ni wimbo pamoja na ngoma yake, bila waimbaji. Mama aliipeleka kanda kwa wazee. Walisikiliza mapigo ya mwanzo tu, wakairudisha. Kwaya ilikwenda Kahama na wimbo wa mtu mwingine, na mama alisimama mstari wa nyuma. Hakutunga tena.

Baba aliporudi kutoka migodini, miaka michache baadaye, kanda ile aliipenda mno. Aliipiga Jumapili jioni kwenye redio yetu, akigonga meza kwa vidole. Mama alikuwa akitoka nje kila mara, akisema anakwenda kuangalia moto. Sikuwahi kuwasikia wakilizungumza jambo hilo.

Mimi nilikuja kuwa fundi wa sauti, bila chuo, kwa kusoma vitabu vya watu na kuharibu vifaa vyangu mwenyewe. Mwaka huu, baada ya matanga, nilimpelekea diski ile kijana mmoja mwenye mashine ya kusomea vitu vya zamani. Ilisomeka. Nikapata na programu ya aina ile, na safari hii nikapata maelekezo yake, nikayasoma neno kwa neno na kamusi pembeni. Jibu lilikuwa kwenye sentensi moja fupi. Programu ile, ukiifunga safu, haiinyamazishi tu. Inaacha kuisoma kabisa. Noti zilizomo hazipigwi, na amri zilizomo hazitekelezwi, hata kama amri hiyo ni ya wimbo mzima. Nikaifungua safu ya nne nikatazama mstari wa kwanza. Palikuwa na pigo zito la baba, na kando yake, kwa herufi moja na tarakimu mbili, palikuwa na amri ya mwendo. Rafiki wa Nizar alikuwa ameiweka hapo, na Nizar alipofuta noti hakuigusa. Ijumaa ilisomwa kabla sijafunga, na mwendo ukabaki. Jumamosi haikusomwa. Wimbo ukatembea kwa mwendo ambao programu huanza nao isipoambiwa chochote.

Nilikasirika kiasi cha kusimama na kuzunguka chumba. Si kwa Nizar wala kwa wazee. Nilikasirikia udogo wa kosa lenyewe. Ungeweza kuihamishia amri ile safu ya kwanza. Ungeweza kuiacha safu wazi na kushusha sauti ya ngoma mpaka isisikike. Ungeweza kuliacha pigo moja tu lisikike, ndipo ufunge. Programu nyingine nilizotumia baadaye hufanya kinyume, safu ukiifunga amri zake bado zinafuatwa, na mwangwi wa sauti uliyoinyamazisha unaendelea mpaka ufe wenyewe. Ingekuwa mojawapo ya hizo, Jumamosi ile tungemaliza mapema na mama angewahi kupika.

Niliihamisha amri. Nilifunga ngoma. Nikaurekodi wimbo kama wazee walivyotaka, kwa mwendo aliotaka mama, nikampelekea nyumbani. Alisikiliza akiwa ameketi kwenye mkeka, miguu ameinyoosha. Midomo yake ilisogea, na nikaona pumzi zake zinatosha kila mstari. Nikamweleza yote: safu, amri, Ijumaa na Jumamosi. Sidhani alifuata yote. Aliuliza jambo moja.

"Na ngoma yake umeifuta?"

Nikasema hapana, ipo, imefungwa tu.

"Ifungue."

Nikaifungua. Baba akaingia, pigo zito na pigo jepesi, na mama hakutoka kwenda kuangalia moto. Wimbo ulipoisha alikunja kanga yake magotini, akaikunjua. Nilidhani atasema kitu juu ya baba, au juu ya Kahama. Alikuwa anapiga hesabu. Nauli za kwenda, nauli za kurudi, pikapu ya Katoro, ukitoa alichotupatia baba, zote zilizotoka kwenye fedha za kunakilisha kanda.

"Elfu ishirini na saba na mia tano," alisema.